Gari Lililozima Majini: Kabla ya Kupiga Stata Tena

Gari likizima katikati ya maji, mkono wa dereva hukimbilia swichi. Anazungusha mara ya kwanza, injini inagoma. Anazungusha tena, inatoa "tak" moja na kunyamaza. Abiria wanasema betri imeisha, vijana waliosimama kibarazani wanajitolea kusukuma. Injini nyingi zinazoletwa gereji Kigoma baada ya mvua kubwa huvunjikia hapo hapo, katika dakika hizo chache. Maji yaliyoingia tu na kutulia hutolewa kwa nusu siku ya kazi, kwa vifaa ambavyo gereji yoyote inavyo. Konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, ikishapinda, injini inafunguliwa yote.

Fundi anayepokea gari la namna hii aanze kwa kuuliza, spana baadaye. Maji yalikuwa yanatembea au yametuama? Yalifika usawa gani: katikati ya gurudumu, kwenye bampa, au juu ya boneti? Gari lilizima lenyewe au dereva alilizima? Na baada ya hapo stata imepigwa mara ngapi? Swali la mwisho watu hulijibu kwa aibu na hupunguza hesabu, kwa hiyo akisema "mara moja tu, fundi", wewe fanya kazi kana kwamba ni nyingi.

Aina ya maji ina maana kubwa katika mji huu. Maji yanayoshuka kutoka vilima vya Mwanga kuelekea ziwani huja kwa kasi, yamebeba mchanga, mifuko na mawe madogo, kisha hupungua mapema. Hayo hupiga mbele ya gari, hupanda kwenye mdomo wa bomba la hewa, hukwama kwenye feni na rejeta. Maji ya kata ya Katubuka, au yale ya bondeni upande wa mto Luiche, hutuama. Yanaingia ndani taratibu, yanakaa chini ya kapeti, yanaloweka waya na konekta, na mara nyingi yamechanganyika na ya vyooni, kwa hiyo vaa glavu. Nafuu yetu ni kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari. Gari lililolowa Dar es Salaam kwa maji ya bahari huliwa waya haraka sana. La huku adui yake mkubwa ni tope.

Sasa kwa nini stata ni hatari namna hiyo? Chukua injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye IST, Probox na Raum nyingi zinazozunguka mjini. Ina sisi (cc) 1,496 kwa silinda nne, yaani kama 374 kwa kila silinda, na kompresheni yake, kiwango cha kubana hewa, ni 10.5 kwa 1. Ukipiga hesabu, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni mililita 40 hivi. Hazifiki vijiko vitatu vya mezani. Hewa hubanwa ikaingia katika nafasi hiyo, maji hayabanwi. Maji yakizidi kipimo hicho, pistoni inasimama njiani huku krenki ikiendelea kusukuma, na kitu chembamba kuliko vyote katikati yao ni konrodi. Dizeli ndiyo mbaya zaidi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, zile ngumu za safari za Kasulu na Kibondo, ina sisi 4,164 kwa silinda sita na kompresheni ya 22.4 kwa 1: nafasi yake ni mililita 32 tu kwa kila silinda, ingawa silinda yenyewe ni kubwa karibu mara mbili. Ukubwa wa gari usikudanganye.

Ile "tak" moja, basi, inaweza kuwa betri, inaweza kuwa stata, na inaweza kuwa pistoni imegonga maji. Anayeshtua kwa betri ya pili anaongeza nguvu ya kukunja konrodi. Anayesukuma gari la gia za mkono na kuachia klachi anafanya vibaya zaidi, maana uzito wa gari zima ndio unaoisukuma ile pistoni. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka hata likiwa kavu, kwa hiyo hapo ni kupoteza jasho tu.

Litoe majini gia ikiwa N (huru), swichi ikiwa imezimwa. Kama ni kwenye mteremko, weka mawe kwenye magurudumu kabla ya kufanya lolote. Kisha fungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Ikiwa maji yaliingia ndani ya gari, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa konekta yoyote ya rangi ya njano, kwa sababu hizo ni za eabegi na hubaki na umeme kwa muda. Gari la haibridi lenye waya nene za rangi ya chungwa mwachie fundi aliyesomea hizo.

Likihitaji kuvutwa, la gia za mkono halina shida kubwa. La otomatiki livutwe pole pole na kwa umbali mfupi, magurudumu yanayoendesha yakiwa juu ikiwezekana. Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima, gia boksi inazunguka bila kulainishwa. Kutoka Uvinza hadi mjini kwa kamba nyuma ya Fuso ni njia ya uhakika ya kununua gia boksi.

Fungua ea klina. Karatasi ya filta ikiwa kavu na ndani ya boksi hamna tope, kuna matumaini makubwa kwamba maji hayakufika kwenye silinda, na tatizo ni la umeme. Ikiwa imelowa, imelegea au ina mchanga upande wa ndani, yaani upande unaotazama injini, chukulia kwamba maji yameingia mpaka uthibitishe vinginevyo. Vua bomba la hewa lote hadi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, pitisha kidole chini yake; maji hupenda kulala kwenye mikunjo ya lile bomba la mpira. Kwenye dizeli yenye tabo, vua pia mabomba ya intakula (kipoza hewa cha tabo), maana ile inaweza kuficha maji ya kutosha kuua injini baada ya wewe kumaliza kazi na kunawa mikono. Ila maji yakiwa yalipanda hadi juu ya boneti na gari likakaa humo, filta kavu haithibitishi kitu, kwa kuwa maji hupita pia kwa njia ya egzosti.

Dipstiki ifuate. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, hapo hakuna mjadala. Wengi hudanganyika na kinyume chake: oili inaonekana safi, wanasema injini ni nzima. Kama injini haikuzunguka baada ya maji kuingia, hakuna kilichoyachanganya. Maji ni mazito kuliko oili, yamelala chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na dipstiki inakuonyesha oili iliyoelea juu yake. Dalili pekee inaweza kuwa kipimo kilichopanda juu ya alama ya F (imejaa). Weka beseni chini, legeza boliti ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa, iache ichuruzike. Kama kuna maji, yatatangulia yenyewe, ya wazi kabisa, kabla oili haijaanza kutoka. Ukiyaona, mwaga yote. Oili hiyo hairudi.

Plagi ndiyo kazi yenyewe. Vua kava ya juu ya plastiki, kisha konekta za koili zinazozipa plagi umeme, kisha boliti za koili za namba 10. Ukishang'oa koili, tazama ndani ya shimo la plagi kwa tochi. Mara nyingi kuna kijidimbwi cha maji na mchanga humo ndani, na ukifungua plagi kabla ya kukitoa, mchanga wote unamwagikia kwenye silinda. Puliza kwa kompresa ukiwa umekinga macho yako kwa miwani, au nyonya kwa bomba la sindano na kipande cha mpira. Halafu ndipo ufungue plagi kwa boksi namba 16. Zipange kwa mpangilio wa silinda, usizichanganye. Plagi iliyolowa maji inakuambia ni silinda gani imekunywa. Inayonuka petroli inasema jambo jingine, tutalifikia.

Plagi zote zikiwa nje, zungusha injini kwa mkono. Boliti kubwa katikati ya puli ya krenki, boksi ya 19 au inayolingana nayo, kuelekea mkono wa saa, mizunguko miwili kamili. Hapa mkono unajua kuliko mashine. Izunguke laini mwanzo hadi mwisho. Ikigoma mahali pamoja kila inapofika hapo, acha, usiongeze bomba la kurefusha spana. Kuna kitu kimepinda au kimekwama.

Ikizunguka vizuri, rudisha waya wa betri, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI ili nozeli zisimwage petroli, acha konekta za koili zikining'inia, na piga stata kwa sekunde tano tano. Kila mtu asimame pembeni. Maji hutoka kwenye matundu ya plagi kwa nguvu ya kufika darini, yakiwa na mchanga. Endelea mpaka ukishika kitambaa cheupe juu ya matundu kibaki kikavu. Kwenye dizeli matundu hayo ni ya hita plagi au ya nozeli zenyewe. Baada ya hapo dondosha oili safi kijiko kimoja cha chai kwa kila silinda na zungusha tena kidogo, ili kuta za silinda zisishike kutu usiku huo. Kutu ya usiku mmoja huchuna ringi.

Kabla ya kufurahi, pima konrodi. Geji ya kompresheni itakusaidia, ila si kila gereji inayo, na konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutoa kompresheni inayoridhisha. Spoku ya baiskeli ndiyo kipimo cha wazi zaidi. Ikunje ncha ya juu isije ikatumbukia. Ishushe wima ndani ya tundu la plagi la silinda ya kwanza mpaka iguse pistoni, huku mwenzako akizungusha krenki kwa spana, polepole, kwa mkono tu. Spoku itapanda na pistoni, itasimama, itaanza kushuka. Pale ilipofika juu kabisa, chora alama kwa kalamu usawa wa mdomo wa shimo. Katika injini ya silinda nne zilizo kwenye mstari, pistoni ya kwanza na ya nne hufika kileleni pamoja, ya pili na ya tatu pamoja. Rudia kwa zote kwa spoku ile ile, ukiishikilia kwa wima ule ule. Alama zikilingana, konrodi zimenyooka. Kwenye silinda moja spoku ikibaki chini ya nyingine kwa milimita moja au zaidi, pistoni ile haifiki juu tena, konrodi yake imefupika kwa kupinda. Shika spoku kwa wepesi wakati wote. Ikilala ndani inaweza kubanwa kati ya pistoni na hedi.

Wapo watakaokuambia gari lenye konrodi iliyopinda kidogo linawaka na linatembea. Ni kweli, linawaka. Linatikisika kidogo kwenye sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagiwa mafuta, na linaweza kutembea wiki kadhaa. Kisha ile konrodi iliyochoka inakatika ikiwa kwenye mwendo, inatoboa bloku, na injini ambayo ingetengenezwa kwa konrodi moja na pistoni inakuwa chuma chakavu. Mwambie mwenye gari ukweli huo siku ile ile, aamue yeye.

Alama zikilingana, rudisha plagi, koili na fyuzi ya EFI, kisha weka filta mpya ya oili na oili mpya. 1NZ-FE hula lita 3.7 pamoja na filta. Usiweke oili ya bei kubwa, kwa sababu hii ni ya kuoshea: injini ikiwaka, iache kwenye sailensa dakika 10 hadi 15, bila kuikanyagia mafuta, halafu imwage ikiwa ya moto. Ikitoka na rangi ya maziwa, rudia. Ikitoka safi, ndipo weka ile ya kukaa, na ibadilishe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Tuseme silinda ni kavu, konrodi zimenyooka, na gari bado haliwaki. Kama stata haizunguki kabisa, pima betri kwa mita: volti 12.4 na kuendelea ni nzuri, chini ya 12 imeisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Betri ikiwa nzima na unasikia tu "tak", shusha stata yenyewe. Ipo chini, tope hujaa kwenye brashi na kwenye gia yake ndogo. Ioshe, ikaushe, ipake grisi kidogo kwenye shafti. Altaneta ifanyie hivyo hivyo, la sivyo utaiona taa ya betri baada ya siku chache.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, rudi kwenye plagi. Baada ya kujaribu kuwasha, chomoa moja. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, moto haupo: kagua koili, konekta zake, na sensa ya krenki ambayo hukaa chini karibu na puli, mahali pa kwanza kuzama. Ikiwa kavu kabisa, moto pengine upo, mafuta hayafiki. Watu hutega sikio kwenye tanki wakiwasha swichi, wasiposikia mlio wanasema pampu imekufa. Kwenye Toyota nyingi pampu haiwashwi na swichi peke yake, inawashwa wakati stata inazunguka. Msikilizaji akae nyuma, mwingine apige stata.

Kuhusu mafuta yenyewe, chota kiasi kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iliyo wazi, iache dakika kumi. Maji yatajitenga chini na mstari utauona. Usitumie dumu lililokuwa na mawese, mabaki yake yatakuchanganya. Na usiyalaumu mafuriko upesi. Petroli iliyonunuliwa kwenye chupa kando ya barabara inaweza kuwa na maji yake tangu ilikotoka. Dizeli ina sedimenta, chombo cha kutenga maji na mafuta, yenye skrubu ya kumwagia chini, ifungue mpaka ianze kutoka dizeli tupu, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Gari likiwaka na kuzima mara moja, angalia kwanza taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikimweka huku ufunguo ukiwa ndani, gari halijautambua, jaribu ufunguo wa akiba. Kisha sensa ya hewa iliyo kwenye bomba baada ya ea klina: nyaya zake ni nyembamba sana, zioshe kwa dawa ya kusafishia sensa, usiziguse kwa kidole wala kitambaa.

Konekta zina kanuni yake, na wengi hawaipendi wakiisikia: zilizojaa tope zioshwe kwa maji. Maji safi, ya kumwagia kwa chupa, si ya mashine ya presha. Tope likikauka ndani linabaki linavuta unyevu na kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Ondoa tope kwa maji, ondoa maji kwa dawa ya konekta au spiriti, puliza kwa hewa, anika juani zikiwa zimefunguliwa. Petroli usiitumie, inaharibu plastiki na inakuchomea gari. Boksi la fyuzi ligeuze uangalie chini yake, kwa sababu juu litaonekana zuri. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye magari mengi madogo ya Toyota ipo nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Ikiwa maji hayakuvuka kiti, huenda imepona, usiifungue kwa udadisi. Kapeti zote zitoke nje pamoja na sponji yake ya chini, ile hukaa na maji muda mrefu baada ya juu kukauka.

Difu na gia boksi husahauliwa kwa sababu hazizuii gari kuwaka. Difu ya moto ikitumbukia kwenye maji ya baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Legeza boliti ya chini kama ulivyofanya kwenye sampu. Oili ya otomatiki iliyogeuka pinki ya maziwa imwagwe kabla gari halijatembea hata mita moja, maana maji hubandua bitana za klachi zilizo ndani. Gari la CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, lirudishiwe oili ya CVT, si yoyote nyekundu iliyopo dukani. Fungua na madramu ya breki za nyuma. Mchanga wa Mwanga hujaa humo, na ukiacha handbreki imevutwa usiku kucha, asubuhi magurudumu hayazunguki.

Gari likishatoka gereji, mwenye gari arudi baada ya wiki tatu au nne, hata kama halina tatizo. Wakati huo ndipo kutu ya kijani huanza kuonekana kwenye pini za konekta, hasa zilizo chini ya viti na kwenye kizingiti cha mlango. Zikikamatwa mapema husafishwa kwa spiriti na mswaki wa zamani. Zikiachwa, miezi michache baadaye gari linaanza kuzima ovyo barabarani, na hakuna atakayekumbuka kuhusisha na maji ya Katubuka.